Siku ya Kwanza ya Sosholojia Mkoani Mara

Mkufunzi anayefungua somo la utangulizi wa sosholojia, yaani taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi katika makundi na jinsi makundi hayo yanavyoongoza mwenendo wa kila mmoja wao, hushawishika kuanza kwa imla: fasili ya somo, jina la Mfaransa Auguste Comte aliyelieneza neno hilo katika karne ya 19, kisha orodha ya matawi. Wanachuo huandika, kipindi huisha, na hakuna aliyeulizwa lolote. Katika chuo kama Buhare cha Musoma, kinachoandaa maofisa maendeleo ya jamii, hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa watu hao watakwenda vijijini ambako kuuliza na kusikiliza ndiyo kazi yenyewe.

Afadhali kuanza na jambo ambalo kila aliyemo darasani anadhani analijua. Katika mialo ya Musoma na Bunda, wanaume ndio huingia Ziwa Victoria usiku kuvua dagaa kwa taa, na wanaoanika na kuuza kwa kiasi kikubwa ni wanawake. Sababu ikiulizwa, jibu la haraka ni kwamba ndivyo desturi ilivyo, au kwamba kazi ya usiku inataka nguvu. Hapo mkufunzi hana haja ya kusahihisha. Aulize tu mtumbwi ni wa nani, mafuta yanagharimiwa na nani, na bei inapangwa na nani. Kila mmoja akiandika jibu lake kwanza, kisha akalilinganisha na la jirani yake, hata mwenye haya hupata la kusema, na dhana ya mgawanyo wa kazi kijinsia, itakapotajwa wiki zijazo, haitakuwa ngeni.

Butiama nayo ina mfano wake. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Habari hii husimuliwa kama kisa cha mtoto mwenye akili, na akili alikuwa nazo. Lakini mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alihimiza maisha ya mtu mmoja yasomwe pamoja na historia ya jamii yake, na anayesoma hivyo hulazimika kuuliza kwa nini aliyepelekwa shule alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, kwa nini Waingereza, waliotawala kupitia machifu, walitaka watoto wa machifu wasome, na wasichana wa rika lake walikuwa wapi.

Nyumba ntobhu, ndoa ya jadi ya mkoani Mara ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa msichana ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe wa nyumba yake, ingeamsha darasa papo hapo, na ndiyo maana haifai siku ya kwanza. Huenda yupo mwanachuo aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo, naye hakuja chuoni kuchekwa wala kufanywa ushahidi. Mada hiyo ingoje darasa lizoee kuuliza bila kuhukumu, kisha iletwe kwa maswali magumu zaidi: mpango huo ulitatua shida gani ya urithi na ya uzee, na msichana aliyeolewa alilipia nini.