Maelezo ya repo: njia ipi ina gharama gani?

Fundi wa programu wa Kahama au Katoro akishahudumia wateja wachache (hesabu za karasha, mizani ya mnunuzi wa dhahabu, stoo ya mwalo), akaunti yake ya GitHub hujaa repo zisizo na hata mstari mmoja wa maelezo. Mteja akirudi mwakani kutaka marekebisho, kazi ya kwanza inakuwa kufungua moja moja. Heri maelezo na mada za repo zote zikae kwenye faili moja la usanidi, programu izipeleke.

Ukiwa na repo tatu, andika kwa mkono kwenye tovuti, yatosha.

Zikizidi hapo, mimi ningechukua gh, programu ya bure ya GitHub. Hati fupi inasoma faili lako na kutoa amri ya gh repo edit kwa kila repo. Yanayotumwa ni maneno tu, kwa hiyo bando halishtuki. Umeme ukikatika katikati, unairudia hati bila kuharibu kitu. Angalia mada tu: kuongeza mpya hakufuti za zamani, na mwisho ni 20 kwa repo.

Njia nyingine ni GitHub Actions, inayoifanya kazi hiyo yenyewe kila faili linapobadilika. Repo za wazi hazitozwi; za siri kwenye akaunti ya bure zina dakika 2,000 kwa mwezi. Hata kazi ya sekunde kumi GitHub huihesabu dakika nzima, lakini kwa matumizi haya hutazimaliza. Gharama halisi ni ufunguo, yaani tokeni. Tokeni ambayo Actions hupewa yenyewe hairuhusiwi kugusa mipangilio ya repo, kwa hiyo inabidi utengeneze yako yenye ruhusa ya usimamizi, na ruhusa hiyohiyo inaweza kufuta repo nzima ya mteja.

Ipo pia programu ya Settings, inayosoma faili la usanidi ndani ya kila repo. Walioitengeneza wenyewe wanaonya: anayeweza kubadilisha faili hilo anaweza kujipa usimamizi. Kama una vijana wanaojifunza kazi kwako, iache.

Ukichagua Actions, ifunge tokeni kwa repo zinazohusika tu na uipe tarehe ya kuisha.