Yasmin wa Unguja na mabinti zetu



Jumamosi iliyopita tulikaa juu ya mikeka, wengine na watoto mgongoni, tukaangalia sinema ya Kiswahili kwenye ordinatere ya kijana mmoja wa hapa Shasha. Inaitwa Vuta N'kuvute. Esanse ya jenereta ilikwisha katikati, ikabidi tuchange tena.

Sinema hiyo imetoka katika riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1999. Aliyeitengeneza ni Amil Shivji, Mtanzania. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Toronto, kule Kanada. Kiswahili chao ni cha pwani, kilituchekesha mara kwa mara, lakini hakuna aliyeomba atafsiriwe.

Ni hadithi ya miaka ya 1950, Waingereza wakitawala Unguja. Polisi wanamwinda kijana Denge. Hakuiba wala hakuua mtu. Kosa lake ni kudai uhuru na kusambaza maandishi yaliyokatazwa. Vijana wetu walipenda sana hapo pa kuwindana.

Sisi wamama tulibaki na Yasmin. Katika riwaya ana miaka 15, naye bwana aliyeozwa, Raza, ana 52. Anamkimbia. Ndugu zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na kitu. Mlango ule ndio ulitufanya tuongee mpaka usiku.

Miaka 15 si jambo la Unguja ya zamani tu. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na umri huohuo. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 ikakataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18, na ile ya familia ikarekebishwa mwaka 2016: miaka 18, msichana kama mvulana. Wengi wetu tulikuwa hatujui.

Hapo mama mmoja akasema polepole kwamba binti yake ana miaka 16, na watu wamekwisha kuleta mbuzi watatu. Hakuna aliyemcheka wala kumlaumu. Tunajua vita inavyofanya: shamba halifikiwi, watoto wana njaa, mali inaletwa mlangoni. Mwingine akamuuliza, "Na mali ikishalika, utairudisha na nini?" Tuliona swali hilo ni kali, lakini ndilo lenyewe.

Mbuzi wawili bado wapo. Wa tatu aliuzwa kwa kulipa dawa. Tumebadilisha zamu ya likelemba ili mama huyo apokee wiki hii, anunue mbuzi mwingine. Alhamisi wawili wetu watamsindikiza kwa ile familia kurudisha wote watatu. Binti mwenyewe ameomba kwenda nao.