Uchumi wa Dunia Unapodorora, Mapato ya Matangazo Mtandaoni Huathirikaje?

Mtengenezaji wa maudhui aliyeko Tabora anaweza kubaki na idadi ileile ya watazamaji, akaendelea kuweka video kama kawaida, na bado akapokea fedha pungufu mwisho wa mwezi. Sababu huenda isiwe ubora wa kazi yake, bali uamuzi wa kampuni za mbali kupunguza bajeti zao za matangazo.

Hali hiyo si ngeni katika njia ya kale ya misafara. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa vilivyotumika kama fedha njiani, kikiwemo kitambaa cha merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokwamisha biashara ya pamba, merikani iliadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Tukio la ng'ambo liliwagusa watu wasiohusika nalo.

Matangazo ya mtandaoni nayo hutegemea soko la mbali. Kwa kawaida nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta kila mtazamaji anapofungua video au ukurasa. Kampuni nyingi zikishindana, bei hupanda. Zikipungua, bei hushuka. Uchumi unapodorora, matangazo huwa miongoni mwa matumizi ya mwanzo kupunguzwa, kwa kuwa ni rahisi kuyasimamisha kuliko mishahara au kodi ya pango.

Kumbukumbu zinathibitisha hilo. Nchini Marekani, mapato ya matangazo ya mtandaoni yalishuka kutoka Dola bilioni 23.4 mwaka 2008 hadi bilioni 22.7 mwaka 2009. Katika robo ya pili ya mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mapato ya matangazo ya Alphabet, kampuni mama ya Google na YouTube, yalipungua kwa takriban asilimia 8. Mwaka huohuo uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8, ikilinganishwa na asilimia 7.0 mwaka 2019. Hivyo, uchumi wa ndani unaweza kukua huku soko la nje la matangazo likisinyaa.

Athari zake huonekana wazi kwa mfano wa hesabu. Tuseme mtengenezaji anapata Dola 2 kwa kila watazamaji 1,000. Watazamaji 60,000 kwa mwezi humpatia Dola 120. Bei ikishuka hadi Dola 1.5, hupata Dola 90. Kwa kuwa Google hulipa salio linapofikia Dola 100, fedha hizo husubiri mwezi unaofuata. Upungufu wa robo ya mapato hugeuka kuwa mwezi mzima bila malipo, ilhali gharama za vifurushi vya intaneti na umeme hazipungui.

Hata hivyo, kushuka huko si lazima kudumu. Mapato ya matangazo ya Alphabet yalianza kupanda tena katika robo ya tatu ya mwaka 2020. Jambo la msingi ni kuweza kuvuka miezi ya katikati.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kukopa, ikiwemo mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anashauriwa kupanga marejesho kwa kuzingatia mwezi wa mapato madogo, si mwezi wa mapato makubwa. Ni vyema pia kuweka akiba ya gharama za angalau miezi mitatu.

Njia nyingine ni kutafuta watangazaji wa karibu: wauzaji wa asali na pembejeo, vyuo, nyumba za wageni na wasafirishaji. Biashara hizo nazo hutegemea msimu wa mazao, hususan tumbaku, lakini msimu huo haufuati bajeti za kampuni za ng'ambo. Mwenye vyanzo viwili vya mapato huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea na kazi endapo kimoja kitayumba.