Simu Juu ya Jukwaa

Ukipita mahali panapojengwa darasa au zahanati utaona karai, koleo, timazi na pima maji. Siku hizi utaona na chombo kingine: simu. Fundi anayo. Saidia fundi anayo. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anayo pia, na mara nyingi wamo katika kundi moja la WhatsApp.

Kundi hilo lina faida. Saruji ikikaribia kwisha, fundi hutuma habari na mifuko mingine ikaletwa. Akiwa na wasiwasi juu ya nondo, hupiga picha akamwuliza mhandisi aliye wilayani. Zamani jambo kama hilo lilitaka mtu apande baiskeli.

Lakini fikiri juu ya watu wanaopandisha zege. Mmoja yuko chini, wa pili yuko kwenye ngazi, wa tatu yuko juu ya jukwaa. Karai linapita mkono kwa mkono. Mara simu ya yule wa kwenye ngazi inalia. Anatazama mfukoni. Lita 10 za zege zina uzito wa kilo 24 hivi. Karai likiponyoka, linamwangukia aliye chini, ambaye hakugusa simu kabisa. Au mwenye simu mwenyewe anateleza. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa ajali zinazoua wajenzi wengi duniani.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Tuseme mhandisi ametuma ujumbe kundini: punguzeni maji katika zege. Fundi mkuu anausoma, anajibu kwa alama ya dole gumba. Wanaokoroga zege wana simu ndogo za vitufe, hawamo kundini. Wanaendelea na kipimo cha jana. Zege lililozidi maji huwa dhaifu likikauka, na chini ya lenta hiyo watakaa watoto wenu. Kila aliye kundini anadhani habari imefika. Kwa hiyo agizo la kazi lisemwe kwa mdomo pia, na anayeambiwa alirudie.

Kabla ya kuanza kazi, kubalianeni. Mtu mmoja aliye chini ashike simu ya kazi. Nyingine zikae stoo mpaka saa ya chai. Mwenye mgonjwa nyumbani awaachie jamaa zake namba ya huyo mmoja. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi. Basi msimamizi naye asipite chini ya jukwaa huku akiandika ujumbe. Hao ndio wagumu zaidi kuambiwa!

Je, mtu akianguka? Msimwinue wala kumkalisha. Mwambieni atulie, na mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Penye damu nyingi, kandamizeni kwa nguvu kwa kitambaa safi. Sasa simu ina kazi: iteni mganga, tafuteni gari. Lakini asipigwe picha. Picha ikirushwa kundini, mama yake anaweza kuiona kabla hajaambiwa neno. Mtumeni mtu mzima aende nyumbani kwake kwa miguu akamweleze.