Upote, ghuba na bamvua: Kiswahili kinavyoweza kuifafanua grafu ya sini

Mtaala wa 8-4-4 uliliweka somo la duara la kizio na grafu zake katika kidato cha tatu, na somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Malindi au Kilifi hukariri jedwali, akaunganisha nukta, akapata mchoro unaopanda na kushuka kama mgongo wa nyoka. Ukimuuliza mchoro huo umetoka wapi, kimya! Ilhali bahari iliyo karibu naye huuchora mchoro uo huo mara mbili kwa siku, na lugha ya nyumbani kwao ina msamiati wa kuueleza.

Tuanze na duara lenyewe. Duara la kizio ni duara ambalo nusu kipenyo chake ni 1, na kitovu chake kipo pale mstari wa mlalo unapokutana na mstari wa wima. Mweke sisimizi ukingoni, upande wa kulia kabisa, kisha mwache atembee kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kila anapofika, uliza maswali mawili tu: yuko juu kiasi gani ya mstari wa mlalo? Na yuko mbali kiasi gani na mstari wa wima? Jibu la kwanza ndilo sini ya pembe aliyoizunguka. La pili ni kosini.

Anapoanza, kwenye nyuzi 0, kimo chake ni 0. Kwenye nyuzi 30 ni 0.5, kwenye nyuzi 90 yuko kileleni, kimo ni 1. Nyuzi 180 zinamrudisha kwenye 0. Kisha anazama: nyuzi 270 zinampa -1, na nyuzi 360 zinamrudisha alikoanza. Sasa hebu linyoshe duara. Andika pembe kwenye mstari wa mlalo, kimo kwenye mstari wa wima. Hiyo ndiyo grafu ya sini. Kosini ina umbo hilohilo, ila huanzia kwenye 1, maana sisimizi alianza akiwa kulia kabisa. Ni safari moja, imetazamwa kutoka pande mbili.

Neno lenyewe nalo lina safari yake. Mnamo mwaka 499, mwanahisabati wa Bara Hindi, Aryabhata, aliandika kuhusu nusu ya ‘jya’, yaani nusu ya upote. Upote ni kamba ya upinde, chombo ambacho Waata wa bara ya Kilifi wamesifika nacho tangu zamani. Tazama duara: sehemu ya ukingo ni upinde, mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake ni upote, na nusu ya upote huo ndiyo kimo cha sisimizi wetu. Waarabu walilichukua neno la Kihindi, ‘jiva’, wakaliandika kwa konsonanti mbili, j na b. Baadaye likasomwa ‘jaib’, uwazi wa vazi kifuani. Watafsiri wa karne ya 12 wakaligeuza kwa Kilatini kuwa ‘sinus’, neno lenye maana ya mkunjo wa vazi, na pia ghuba. Upote ukageuka ghuba kwa kosa la usomaji!

Ndiyo maana napendelea ‘sini’. Tukifuata matamshi ya Kiingereza tutapata ‘saini’, na saini tayari ni sahihi ya mkono. Mwanafunzi akiambiwa ‘tafuta saini ya pembe’, si atatafuta kalamu?

Tahadhari nyingine ni neno ‘wimbi’. Wimbi la pwani hupasuka ufuoni kila baada ya sekunde chache. Grafu yetu inafanana zaidi na kupwa na kujaa kwa maji, mwendo ambao huchukua takriban saa 12 na dakika 25 kukamilika. Gawa nyuzi 360 kwa muda huo: sisimizi wetu anatembea karibu nyuzi 29 kwa saa.

Chukua siku ya bamvua, tofauti ya maji makavu na maji makuu ikiwa mita 3. Kimo cha juu kutoka usawa wa katikati, basi, ni mita 1.5. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, sisimizi yuko kwenye nyuzi 270. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 19 tu. Saa ya pili, sentimita 52. Saa ya tatu, sentimita 72! Karibu na chini ya duara sisimizi huenda mlalo zaidi kuliko juu. Akifika ubavuni, hatua zake zote ni za kupanda.

Hesabu hii si ya mtihani pekee. Anayetafuta pweza mwambani hudanganywa na saa ile ya kwanza ya upole, akadhani ana muda. Wavuvi wanaujua mwendo huo bila grafu. Wanajua pia kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba kati yake huja maji mafu, ambapo tofauti hupungua sana. Kwa lugha ya darasani, ukubwa wa mkunjo umebadilika huku muda wa mzunguko ukibaki karibu uleule. Bahari halisi hujumlisha mikunjo kadhaa, ya mwezi na ya jua. Sini moja hutupa kadirio.

Kijana asiyelijua neno ‘bamvua’ amepoteza mfano bora wa somo lake, na mwalimu asiyelitumia ameacha kielelezo ufuoni. Mtihani na uandikwe kwa Kiingereza, lakini ufafanuzi unaweza kuanza kwa Kiswahili: upinde, upote, kupwa, kujaa. Akishaelewa, jina la kigeni halitamtisha.