Utatuzi wa Hitilafu za Menyu Kunjuzi katika Vivinjari Tofauti: Mazingatio kwa Tovuti za Halmashauri za Mwambao wa Tanga

Menyu kunjuzi ni orodha ya viungo iliyofichwa chini ya neno moja na kufunuliwa msomaji anapoihitaji. Katika tovuti ya halmashauri, fomu na taratibu, zikiwemo za leseni ya uvuvi, zinaweza kuwekwa chini ya neno "Huduma". Kwa mvuvi wa Kipumbwi wilayani Pangani, au wa Moa wilayani Mkinga, menyu isiyofunguka humaanisha nauli ya kwenda kuuliza jambo ambalo tayari limeandikwa. Hitilafu hiyo ina vyanzo vikuu vitatu.

Chanzo cha kwanza ni kutegemea kipanya. Kwenye kompyuta, kielekezi kikipita juu ya neno, kanuni ya CSS iitwayo :hover huifungua orodha. Simu ya mguso haina kielekezi. Baadhi ya vivinjari huchukulia mguso wa kwanza kuwa sawa na kupita juu ya neno. Vingine hufuata kiungo papo hapo, na orodha haipati kusomwa.

Chanzo cha pili ni uhuishaji wenyewe. Kwa miaka mingi CSS haikuweza kuhuisha badiliko la kimo kutoka 0 hadi auto, wala la display kutoka none hadi block. Orodha hujitokeza ghafla badala ya kuteremka taratibu. Kwa sababu hiyo wasanifu hutumia max-height, au opacity pamoja na visibility. Orodha ikifichwa kwa opacity peke yake, haionekani lakini bado ipo, nayo huzuia miguso inayolenga maandishi yaliyo chini yake.

Chanzo cha tatu ni vivinjari vinavyobana data. Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006, ina watumiaji wengi Afrika Mashariki kwa kuwa hupunguza matumizi ya bando. Katika hali yake ya ubanaji mkubwa, ukurasa huandaliwa kwenye seva kabla ya kufika kwenye simu. Mipito na uhuishaji wa CSS havitekelezwi, na badiliko linalotegemea JavaScript hulazimu mawasiliano mapya na seva.

Uchunguzi unapaswa kufuata mpangilio. Kwanza, uhuishaji wote uzimwe. Menyu ikiendelea kugoma, chanzo kiko kwingine. Pili, menyu ijaribiwe kwa kidole, kisha kwa kibodi. Tatu, JavaScript izimwe: neno "Huduma" libaki kiungo halisi kinachoelekeza kwenye ukurasa wenye orodha nzima. Baada ya hatua hizo kufaulu ndipo uhuishaji urejeshwe, na kanuni za :hover ziwekwe ndani ya sharti la @media (hover: hover), ili zitumike tu kwenye vifaa vyenye kielekezi. Kwa mpangilio huo, kivinjari kisichomudu uhuishaji kitakosa mapambo, lakini msomaji ataifikia fomu.