Kabla Hujanunua Dawa ya Panya Pale Feri

Ukishuka matatu Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, kipaza sauti kinakupokea kabla hujaiona bahari: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni, ya viroboto, ya siafu! Zote zimepangwa kwenye meza moja. Mimi kazi yangu ni kupiga dawa majumbani, kuanzia hapo Feri hadi Mji wa Kale, na wateja karibu wote huniuliza swali lile lile: "Fundi, ipi ndiyo kali?" Swali hilo halisaidii. La kuuliza ni hili: hii ni sumu ya aina gani, ni ya kiumbe gani, na mtoto akiilamba daktari atamtibu kwa kitu gani?

Tuanze na majina. Kiumbe anayetuharibia chakula, nyumba au afya ni kisumbufu, awe panya jikoni au mchwa anayetafuna boriti za nyumba kongwe. Kitu cha kumwua au kumfukuza ni kiuatilifu. Ndani ya jina hilo kuna aina: kiuadudu ni cha wadudu, kiuapanya cha panya, kiuagugu cha magugu, kiuakuvu cha ukungu na kuvu. Anayekuuzia kipakiti kimoja kwa visumbufu vyote hivyo anakuficha kitu.

Neno la pili ni kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe. Sehemu kubwa ya kilichomo chupani huwa ni mafuta, maji au unga wa kuibebea. Jina la biashara huandikwa kwa herufi kubwa, kiambato kwa herufi ndogo pamoja na kiwango chake, na hicho kidogo ndicho daktari anachokitafuta.

Chukua dawa za panya. Warfarini, iliyoingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na ndugu yake mkali brodifakumu huzuia damu kuganda. Panya hula chambo leo, akafa baada ya siku kadhaa, na wenzake hawashuku kitu. Mtu akiimeza hutibiwa kwa vitamini K. Zinki fosfaidi ni unga mweusi wenye harufu ya kitunguu saumu. Ikikutana na tindikali ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na haina dawa mahususi ya kuipinga. Kuna pia dawa za shambani za jamii ya ogano-fosfeti na kabameti, ambazo wauzaji wengine huzipakia upya na kuziita dawa ya panya. Hizo hushika mishipa ya fahamu: mate na machozi humtoka mtu, mboni za macho husinyaa, pumzi hukatika. Matibabu yake ni atropini. Sumu tatu, njia tatu, na kwenye vipakiti visivyo na maandishi huwezi kuzitofautisha.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale alinitolea chupa ya soda kutoka chini ya kitanda. "Mwanangu, dawa hino si ndiyo ya kunguni?" Nikamwambia, "Mamangu, chupa hii haina jina, siwezi kuipiga." Dawa nyingi za maji, ukizichanganya na maji, hugeuka nyeupe kama maziwa. Ndani ya chupa ya soda, mbele ya mjukuu mwenye kiu, hiyo ni ajali inayosubiri saa yake. Ndiyo sababu sharti la kwanza la kazi yetu ni kwamba dawa haihamishwi kutoka chombo chake. Chaki ya mende nayo ni hatari kwa sababu hiyo hiyo: mtoto haioni tofauti na ya shuleni.

Tena kuna namna sumu inavyomfikia mdudu. Sumu ya mguso humwua anapokanyaga ulipopiga. Sumu ya tumbo lazima iliwe, ndiyo maana huwekwa kwenye chambo. Pareto, ua ambalo Kenya iliongoza duniani kwa miongo mingi kulizalisha, ni sumu ya mguso. Huangusha mdudu upesi, lakini jua huiharibu haraka. Wataalamu wakatengeneza za kuiga, kama pemethrini na deltamethrini, ambazo hudumu ukutani na kwenye vyandarua. Binadamu huzistahimili kwa kiasi, lakini pemethrini humwua paka, na zote ni balaa kwa samaki. Kwa hiyo maji ya kuoshea bomba hayamwagwi mtaroni, maana mitaro yetu huishia baharini.

Kunguni wamezizoea dawa za jamii hiyo. Hali hiyo huitwa usugu: dawa huua wadhaifu, wagumu hubaki wakazaana. Kuongeza kipimo hakusaidii, bali humwumiza anayelala humo. Tena mayai huwa hayafi kwa dawa nyingi. Huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo fundi mwaminifu hurudi kupiga mara ya pili. Anayekuahidi kumaliza kwa siku moja anataka pesa yako tu.

Sumu haiangalii sura. Mwezi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja wa Kihindi pwani. Sumu iliyotajwa, Starlicide, ilichaguliwa kwa sababu huvunjika ndani ya ndege, hivyo hatari kwa anayekula mzoga hupungua. Kila dawa ingefaa kupimwa hivyo, kwa anayekusudiwa na kwa asiyehusika. Hata hivyo takataka zikibaki wazi, kunguru watarudi. Ndiyo maana ya udhibiti husishi wa visumbufu: kwanza ziba mashimo, funika chakula na mitungi ya maji, mwagia maji ya moto vitanda vya kamba, sumu iwe ya mwisho.

Ukilazimika kununua, soma lebo. Tafuta namba ya usajili inayoanza na PCPB, ya bodi inayosimamia viuatilifu nchini chini ya sheria ya mwaka 1982. Angalia jina la kiambato, tarehe ya kuisha na mkanda wa rangi: nyekundu ni hatari kubwa kabisa, manjano hatari ya wastani, buluu hatari ndogo, kijani hatari ndogo zaidi. Nyekundu isiingie nyumbani.

Na mtu akimeza, usimtapishe wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize hospitalini pamoja na kipakiti chenyewe. Kisicho na maandishi hakitamsaidia daktari, basi usikinunue, hata muuzaji akikupunguzia bei.